Friji Iliyosema Nne

Mimi ndiye niliyeandika ule mstari wa programu. Naanza na hilo ili mtu asije akaniambia ati ilikuwa ajali, au mapenzi ya Mungu, au basi tu, ndiyo mashine za siku hizi. Kanisani kwetu niliambiwa hayo yote kwa huruma, nikaitikia asante huku ndani nimefura kwa hasira. Niliuandika mwenyewe, mchana kweupe, nimekaa kwenye stuli, kikombe cha uji kando yangu, nikijipongeza.

Ilikuwa miaka ya tisini mwanzoni. Nilikuwa fundi wa vipimo kwenye kituo cha utafiti wa kilimo pale Kiboko. Kutwa nilikuwa na vipimajoto vya udongo na vyombo vya kupimia mvua, na ukijua ukame wa Kiboko, utakubali ilikuwa kazi nyepesi. Mtaalamu mmoja alimaliza mkataba wake akaniachia kompyuta kuukuu, vitabu viwili na pakiti ya chipu, zile za zamani zenye kidirisha cha kioo mgongoni. Chipu hizo unaziandikia programu, na ukikosea unazifuta kwa taa maalumu. Taa yenyewe iliungua kabla sijaizoea. Basi nikawa nazianika juu ya bati, jua lizifute. Jua letu liliweza, ila lilichukua wiki nzima. Wenzangu hawakunipa nafasi ya kupumua. "Fundi, kunde zako zimekauka?" Kila asubuhi, hao.

Dada yangu mkubwa, aliyenilea mgongoni kwake wakati mama yuko shambani, alikuwa muuguzi msimamizi wa zahanati ndogo huko ndani, mbele ya Kanyangi, alikoolewa. Wagonjwa walimwita Sista, na walimwogopa. Pale hapakuwa na stima. Chanjo zilikaa kwenye friji ya mafuta ya taa, friji yenye utambi na moto chini yake, ambayo inagoma kwa sababu yoyote: masizi, upepo, hata ikiinama kidogo tu. Asubuhi na jioni dada alifungua mlango, akasoma kipimajoto cha zebaki, akaweka alama ya penseli kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani. Chanjo ya surua haitaki mchezo. Ikipata joto inakufa ndani ya chupa, na kwa macho huwezi kujua, iko vilevile. Unamdunga mtoto maji, mama yake anakushukuru, anaenda nyumbani akiamini mwanawe amekingwa.

Surua ilikuwa imemuua mtoto wa dada yangu, kifungua mimba wake, zamani kabla hajasomea uuguzi. Hakuwa akilizungumza hilo. Lakini ukigusa mlango wa ile friji bila ruhusa ungejua.

Nikaamua kumtengenezea mlinzi. Kiboksi cha mbao, betri ya redio, chipu moja, waya mwembamba unaoingia ndani ya friji, na dirisha dogo la tarakimu linaloonyesha joto bila mtu kufungua mlango. Joto likipanda, king'ora kinalia. Nilijiona mtu mkubwa sana.

Sasa nieleze kidogo, na ninaomba usiniruke, kwa maana kosa langu limekaa hapa. Programu huandikwa kwa vipande, na kila kipande kina kazi moja. Sisi tunakiita fankisheni. Ni kama mtu unayemtuma: nenda kwenye friji, tazama joto, rudi uniambie. Anaenda, anarudi na namba. Taabu iko hapa: akifika akakuta waya umekatika, hakuna cha kusoma, atarudi na nini? Lazima arudi na kitu. Huko nyuma kuna kipande kingine kinamngoja kimekinga mkono.

Mara ya kwanza niliandika kwamba akikosa, arudi na tisini na tisa chini ya sifuri. Hakuna friji duniani yenye baridi hiyo, kwa hiyo kipande kinachongoja kikiona namba hiyo kinajua kuna hitilafu, kinapiga king'ora. Safi kabisa. Tukafunga kiboksi, nikaenda zangu.

Kumbe waya wangu ulikuwa unatikisika pale unapoingia mlangoni. Kila friji ikifunguliwa, unapoteza mguso kidogo, fankisheni inarudi na tisini na tisa, na king'ora kinapiga mayowe. Siku ya chanjo, benchi limejaa akina mama, kitu kinalia! Wa kwanza aliondoka mbio na mtoto na kuacha kiatu. Bibi mmoja akatangaza kwamba mashine inamtambua mtoto aliyerogwa. Wiki iliyofuata benchi lilikuwa nusu tupu.

Dada alisafiri hadi Kiboko kuniletea kile kiboksi, amekifunga kwenye leso. Hata hakuketi.

"Ndugu yangu, mimi nakupenda," alisema, "lakini hii kitu yako ikinipigia kelele tena mbele ya watu wangu, naitupa chooni. Chanjo nimeweka na waya umetikisika sekunde moja, halafu inalia kama kuna matanga. Haina adabu!"

Neno adabu lilinichoma. Nyumbani kwetu tulilelewa hivi: mtu akikuuliza habari, jibu la kwanza ni nzuri. Kwa Kikamba, nesa. Hata kama nyumba inaungua huko nyuma yako. Unasema nesa, unakaa, unapewa kitu cha kunywa, unaulizwa tena kwa upole, "Na huko kwenu?" Hapo ndipo unatua kikombe na kusema kilichokuleta. Nikiwa mdogo, miaka ya sitini, niliwahi kuingia mbio mbele ya wageni nikapaza sauti kwamba ng'ombe ametumbukia mtaroni. Mama alinifinya paja mpaka nikaona nyota. Ng'ombe aliweza kungoja salamu. Baadaye alikuja mjumbe kutuambia babu amefariki, na yule mtu alisema nesa, akanywa uji wote, akauliza habari za mbuzi, ndipo akasema. Mama alimsifu miaka na miaka. Huyo, alisema, alikuwa mtu.

Basi na mimi nikaitia fankisheni yangu adabu. Niliandika hivi: ukikosa kusoma, rudi na joto la mwisho ulilolisoma vizuri. Usimshtue mtu. Lakini ukweli nao usiufiche. Uweke kwenye kisanduku kidogo cha kumbukumbu pembeni, moja maana yake kuna shida, sifuri maana yake salama. Yule aliyekutuma atapokea jibu zuri kwanza, kisha atauliza, "Na kisanduku?" Akiona moja imekaa humo muda mrefu, ndipo apige king'ora.

Haki ya Mungu niliona ni kitu kizuri. Bado naona. Fankisheni yenyewe haikudanganya mtu. Kila mara waya ulipokatika iliweka moja kisandukuni, kwa uaminifu, mara moja kila dakika.

Kile kipande cha kuuliza sikukiandika.

Nilikuwa nimebaki na chipu moja iliyofutika. Nyingine zote zilikuwa juu ya bati, zimebakiza siku tano. Dada alilala kwa mwenzangu na alitaka kuondoka asubuhi, kwani kesho yake ilikuwa kliniki. Niliandika fankisheni, nikajaribu waya kwa kuutikisa, namba ikatulia, hakuna kelele, dada akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu afike. Kwenye daftari langu nikaandika: "Kuuliza kisanduku, chipu ijayo." Daftari ninalo mpaka leo. Mwandiko mzuri, hata nimepiga mstari chini yake kwa rula.

Chipu ijayo haikwenda. Iende kufanya nini? Dada alikuwa anafurahi, benchi limejaa tena. Alinitumia kuku. Aliacha kufungua mlango asubuhi na jioni. Alisoma namba kwenye dirisha la kiboksi na kuiandika ukutani, na kila aliyepita alisimuliwa kwamba kaka yake ametengeneza kitu ambacho hata Nairobi hakipo. Nami nikavimba kichwa. Mke wangu alipoanza kuuliza binti yetu akifika miezi tisa tumpeleke wapi kuchanjwa, yeye akiwa nyumbani Kalamba na mama yangu, mimi huku kazini, nilimwambia usisumbuke na foleni za karibu. "Mpeleke kwa shangazi yake. Friji ya pale inalindwa na mashine yangu."

Nilisema hivyo. Kwa kinywa changu.

Siku niliyokwenda Kanyangi nilikwenda kujisifu. Mkubwa wangu kazini alikuwa amesikia habari za kiboksi, akataka kuona ushahidi, nami nikaona hakuna ushahidi unaopita ile karatasi ya ukutani. Nilifika karibu saa nne asubuhi, Alhamisi, siku ya chanjo. Benchi lilikuwa limejaa, watoto wanalia, ukuta umepakwa chokaa nyeupe hadi inaumiza macho.

"Mmepaka rangi!" nikamwambia dada.

"Wiki ya juzi. Wanaume wa kanisa walijitolea. Walisogeza kila kitu mbali na ukuta, kisha wakarudisha. Habari za Kiboko?"

"Nzuri sana. Na friji?"

"Nzuri. Imetulia hiyo! Angalia mwenyewe."

Nikaangalia. Karatasi ilikuwa na miezi ya alama za penseli, zimeunganishwa kwa mstari. Mstari ulipanda na kushuka, tano, tatu, nne, sita, tatu, jinsi friji ya mafuta ya taa inavyohangaika mchana na usiku. Halafu kuanzia mahali fulani, ulinyooka. Nne asubuhi. Nne jioni. Nne. Nne. Nne. Siku kumi na moja, mstari umenyooka kama wa rula.

Sijui nielezeje. Nilishika meza. Hakuna friji ya moto wa utambi inayosema nne siku kumi na moja, haipo! Dada alikuwa bado anazungumza, ananiambia jinsi mganga wa wilaya alivyoisifu ile karatasi. Nikapiga magoti nikatazama chini ya friji. Wale wanaume wa kanisa waliirudisha vizuri, kwa upendo, na mguu mmoja wa nyuma ukaketi juu ya waya wangu. Waya ulikuwa umekatika katikati. Na kwa sababu ya waya chini ya mguu na chokaa iliyoganda sakafuni, friji nzima ilikuwa imeinama.

Nikafungua mlango bila kuomba ruhusa. Hewa iliyonigusa usoni ilikuwa hewa ya chumba. Nilishika mfuko wa barafu ukabonyea mkononi, maji matupu.

Juu ya mlango, kiboksi changu kikasema nne.

"Dada," nikasema. "Dada, funga. Simamisha kila kitu."

Alinitazama, akautazama mfuko wa maji mkononi mwangu, akaweka mkono wake ndani ya friji mpaka kwapani, akaushikilia humo. Sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika namna ile. Hakunifokea. Ningeshukuru kama angenifokea, au angenipiga kofi mbele ya watu. Alitoa mkono, akaupangusa kwenye gauni lake jeupe, akauliza kwa sauti ndogo, "Tangu lini?"

"Tangu mlipopaka rangi."

Akatoka nje kwenye benchi. Nilimfuata nikidhani atawasalimu, atatafuta namna ya kuanza. Dada yangu, aliyelelewa na mama yuleyule, alisimama mbele ya wale akina mama na hakusalimia mtu.

"Dawa imeharibika," alisema kwa Kikamba. "Wale niliowachanja wiki hii na ile iliyopita, watoto wenu hawana kinga. Nimewadunga maji. Kosa ni letu. Nitawatafuta mmoja mmoja nyumba kwa nyumba."

Halafu mama mmoja akasema tu, "Uuwi!" na wengine wakainuka.

Tulileta rejista mezani. Dada alisoma kila jina, mimi nikaandika kwenye karatasi, jina, kijiji, jina la mzazi. Wa kwanza, wa pili, kalamu inatoboa karatasi. Alipofika katikati ya ukurasa wa pili akaacha kusoma. Nilidhani amechoka. Nikamwambia, soma. Akageuza rejista, akaweka kidole.

Lilikuwa jina la binti yangu. Kijiji: Kalamba. Alhamisi ya kwanza baada ya chokaa.

"Ulimwambia amlete," dada akasema. "Nilifurahi sana. Nilimdunga mimi mwenyewe."

Sikumbuki nilimjibu nini. Nakumbuka alinisukuma mlangoni, akisema watoto wa huku ni wake, wangu niende mwenyewe, na nimchanje upya mahali popote penye barafu ya kushikika kwa mkono. Surua ilikuwa imeshasikika upande wa Makueni, huko huko nyumbani. Njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi ya sentensi moja: chanjo aliyopewa haikufanya kazi, twende hospitali sasa hivi. Maneno machache tu. Niliyarudia mpaka jirani yangu kwenye kiti akahama.

Nilifika nyumbani kesho yake mchana. Mama yangu alikuwa kivulini mwa jiko anapepeta mtama. Mke wangu alitoka kunipokea mkoba, ameshangaa, kwa sababu haikuwa mwisho wa mwezi.

"Baba mtoto! Habari ya safari?"

Na mimi nikasema, "Nzuri."

Nililisikia likitoka. Nilitaka kulirudisha, lakini mama alikuwa ameshainua kichwa kunisalimu, nikamjibu nesa, na wa huko wote hawajambo, na dada hajambo, na kazi iko salama. Nikaletewa kigoda. Nikaletewa chai. Mtoto alikuwa mgongoni mwa mama yake, ameegemeza shavu, amefumba macho.

"Na mtoto?" nikauliza.

"Mzuri tu. Ana homa kidogo tangu juzi, macho mekundu na kikohozi. Ni ile chanjo. Shangazi yake aliniambia chanjo inaweza kuleta homa baada ya wiki moja, nisiogope. Nafurahi, maana nasikia mtoto wa hapo ng'ambo amepata surua. Wetu ameshakingwa."

Alisema hivyo akicheka, akimtikisa kidogo mgongoni. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa na kikombe mkononi, na nikanywa. Nilikunywa kile kikombe chote. Nilikuwa naogopa kiasi kwamba mwili ulishika kile ulichofundishwa: kaa, kunywa, ngoja uulizwe tena. Mama ndiye aliyeniuliza, kwa utaratibu wake uleule. "Na huko ulikotoka?"

Nikatua kikombe nikasema.

Mke wangu hakulia. Alimfungua mtoto kutoka mgongoni, akamgeuza kwenye mwanga, akamtazama nyuma ya masikio ambako vipele vilikuwa vimeanza kutoka. Kisha akakitazama kikombe changu.

"Umekunywa chai yote," akasema.

Alikuwa ameshafika langoni na mtoto kabla sijasimama. Mama alibaki ameshika ungo, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakupata la kusema kuhusu adabu yangu.

Dada aliwapata wote waliokuwa kwenye ile orodha, kwa miguu, siku tisa, na hakuna mtoto wa Kanyangi aliyeugua. Aliandika barua kwa wakubwa wake kwamba kosa lilikuwa lake kwa kuacha kutumia zebaki. Jina langu hakulitaja. Nilimsihi alitaje, akanifukuza. Kiboksi alinirudishia kwenye ileile leso, na nilipounganisha betri nyumbani ili nisome kisanduku cha kumbukumbu, nilikuta namba moja imekaa humo, inangoja.

Binti yetu alilazwa wiki tatu. Surua ikashuka masikioni, usaha ukatoka, sikio la kulia likapona. Daktari alituambia kwamba saa moja niliyokaa na chai isingebadilisha kitu. Mke wangu alimsikiliza, akamshukuru, na mpaka leo mimi na yeye hatujawahi kuizungumzia ile saa.

Sasa ni msichana mkubwa, mcheshi, ana mdomo kama wa shangazi yake. Ukimwita akiwa amekupa upande wa kushoto, haitiki. Wageni hudhani ana maringo. Mimi huwa nazunguka mpaka mbele ya uso wake ndipo namwita.